Nguzo ya Kona ya Tangi

Nyumbani,
Jumatatu, 3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Usiitikie kwa sauti, tafadhali. Andika marahaba kwenye kile kibao chako, muuguzi naye aone kwamba mzee wetu ana adabu zake.

Mwezi mzima bila kuongea, kwa mtu aliyeishi kwa kunadi mali za watu mnadani tangu mimi sijazaliwa! Lakini uvimbe umeshatolewa kooni, na daktari ndiye aliyesema kimya ndiyo dawa. Basi vumilia, umeza maneno, utayatapika yote ukirudi.

Nimeanza kazi ya kibanda cha kupumzikia kama ulivyoniagiza. Asubuhi nilimaliza kushona kochi la mteja, mchana nikavaa suruali yako ya zamani nikatoka bustanini na msasa. Baba, kibanda chetu kimechoka. Rangi ya mwaka juzi imebanduka upande wa mvua, na ukipitisha kiganja juu ya benchi unatoka na vibanzi. Mabati hayajatoboka, ila vile vimpira vya chini ya vichwa vya misumari vimekauka, maji yanapenya hapo hapo na kuchora mistari myeusi kwenye mbao. Nimesugua nguzo tano mpaka mbao mpya ikaonekana, na zote nimezipaka dawa ya mchwa. Mikono yangu imezoea sindano na vitambaa, leo hata kikombe nakishika kwa mikono miwili.

Ya sita sikuigusa. Ile nguzo yako ya kona ya tangi nimeiacha kama ulivyoiacha, na chungu cha maua chini yake sijakisogeza. Pale bega lako linapoegemea mbao inang'aa kuliko vanishi yoyote nitakayonunua, na niliona vibaya kuikwangua mwenyewe hayupo. Ingawa mpaka leo sijui unapenda nini pale. Mbele yako ni tangi la maji, kamba ya nguo na dirisha la jikoni. Bustani yote iko mgongoni.

Mama hajambo. Anakusalimia sana, ila amesema nisiandike "sana", utaanza kuringa.

Wako,
Sindano


Hospitali, wodi ya pili,
Alhamisi, 6 Machi

Sindano mwanangu,

Marahaba. Nimeiandika kwenye kibao kwa herufi kubwa na muuguzi ameisoma. Ameniuliza namwitikia nani.

Hapa nimekuwa kichekesho cha wodi. Jirani yangu wa kitanda cha kulia anaongea toka kunakucha, na yote anayosema si kweli, nami siwezi kumkatiza. Jana amesema aliwahi kununua ng'ombe mwenye miguu mitano. Mimi nimeuza ng'ombe maisha yangu yote. Nilitaka kulia.

Umefanya vizuri kuanza kabla mvua haijakaza. Vimpira vya misumari vibadilishe vyote, usichague. Panapoonekana ufa kwenye bati, paka lami, si rangi. Rangi inaficha tu. Mbao zipake mafuta mara mbili, na usipake ya pili mpaka ya kwanza iwe imekauka kabisa. Najua ulivyo na pupa.

Na ile nguzo yangu umefanya vizuri zaidi kuiacha. Usiiguse, usiikwangue, usipigilie msumari wowote hapo. Nitaishughulikia mwenyewe nikirudi.

Nani anakaa kwenye kona yangu? Nauliza tu. Sitaki mtu akae pale, si wageni, si wajukuu wakija, wala yule shangazi yako mwenye kujitupa kwenye viti. Mzee ana haki ya kuwa na kiti chake. Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Mwambie mama yako kwamba naringa tayari.

Baba yako


Nyumbani,
Jumatano, 12 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo tena, na pole kwa ng'ombe wa miguu mitano.

Najibu swali lako kwanza kama ulivyoamuru: hakai mtu. Kona yako iko vilevile, hata paka akipanda namshusha. Umeridhika?

Sasa unicheke, maana Mama amecheka siku mbili. Kwa ile pupa uliyoisema, nilikwenda dukani nikachukua kopo la kwanza nililoliona lina picha ya mbao, nikapaka kibanda chote kwa siku moja. Kiling'aa mpaka majirani wakasimama kwenye ua wao kutazama. Nami nikajivuna, nikawaeleza namna ya kushika brashi. Usiku ikanyesha. Asubuhi kibanda kizima kilikuwa cheupe, kimetoka magamba kama mtu aliyeungua na jua. Kumbe ile ilikuwa vanishi ya ndani ya nyumba, ya meza na makabati. Imeandikwa kwenye kopo kwa maandishi makubwa kuliko jina lenyewe. Mama alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akasema, "Na makochi ya watu unayashona hivyo hivyo?" Nimekwangua yote upya. Safari hii nimepaka mafuta, mara mbili, nikangoja, naapa nimengoja.

Kazi ya vitambaa lakini hainishindi. Nimeshona mapazia ya turubai upande unaopigwa na mvua. Nimeyatia vishimo vya chuma vya kupitishia kamba, na chini nimepitisha mnyororo ndani ya upindo ili upepo usiyainue. Ukiyafunga, ndani panakuwa pakavu kabisa, mtu anaweza kukaa mvua ikimwagika nje naye asipate hata tone. Pia nimeshona mito mipya ya mabenchi yote. Wa kona yako nimeuongezea sponji nzito, maana Mama alisema ule wa zamani umekwisha, alikuwa anaisikia mbao mpaka kiunoni.

Mawingu yamejaa upande wa mlimani. Redio inasema juma hili kuna upepo mkali, lakini acha uje, sisi tuko tayari.

Wako mwenye mikono ya fundi mbao,
Sindano


Hospitali,
Jumamosi, 15 Machi

Sindano,

Kama hakai mtu pale, mama yako aliisikiaje mbao kiunoni?

Sikugombezi. Isome barua hii umesimama, na ukiimaliza nenda ukamtoe mama yako kwenye ile kona, umlete ndani, halafu ndipo uendelee kushangaa.

Nguzo ile imeoza. Juu ni nzima, ndiyo maana huwezi kujua, lakini chini, mle udongoni, imeoza. Nilipojenga, nguzo tano nilizisimamisha juu ya mawe. Ya sita mawe yalikuwa yamekwisha na mvua ilikuwa inakuja, nikaichimbia ardhini hivyo hivyo, nikasema nitairudia. Wewe ulikuwa bado uko shule siku niliyoichoma bisibisi pale chini, nikaona inaingia mpaka kwenye mpini. Kuitengeneza kunataka fundi, na jeki ya kuinulia paa, na majirani wote wakichungulia. Nami siku ya kukizindua nilisimama juu ya benchi nikawanadia wageni kwamba kibanda hiki nimekijenga kwa mikono yangu na kitadumu kuliko mimi na mama yenu. Nikaona haya. Kila mwaka nikasema baada ya mvua.

Basi nikawa nakaa pale mimi, ili asikae mwingine. Mnadhani napenda kutazama tangi? Nilikuwa naisaidia ile nguzo kwa bega, nami najua namna ya kuegemea. Mama yako hajui. Yeye akiegemea anaegemea kweli.

Na hayo mapazia yako, mwanangu, upepo ukiyajaza yatalivuta paa lote upande ule. Yafungue leo.

Baba yako


Hospitali,
Jumanne, 18 Machi

Sindano,

Naandika tena kwa kuwa sijui kama ile ya Jumamosi imefika. Muuguzi amejaribu kupiga simu ya duka la pale kwetu tangu jana, haiiti. Wanasema daraja limefunikwa na maji na magari ya posta yamelala njiani. Redio ya jirani imesema upepo umeezua mapaa, haikusema ya wapi.

Mtoe mama yako kwenye kona yangu. Kama hataki, mwambie mimi nimesema. Kama bado hataki, mwambie namuomba.

Siwezi hata kupiga kelele. Nimeketi hapa na kibao.

Baba


Nyumbani,
Ijumaa, 21 Machi

Baba,

Mama ni mzima. Naliweka hilo juu kabisa ili upumue kwanza. Mama ni mzima, mimi ni mzima, kibanda kimesimama.

Barua zako zote mbili zimefika leo asubuhi, pamoja, zimelowa pembeni. Upepo ulikuwa umeshapita, ulikuja Jumapili mchana. Na sasa nikuambie ukweli niliokuficha: tangu ulipoondoka, Mama anakaa kwenye kona yako kila siku jioni, na Jumapili alikaa mchana kutwa. Alinikataza kukuambia. Nami nilidhani utakasirikia kiti. Sikuwa na habari ya nguzo.

Upepo ulipoanza alikuwa pale, anafuma sweta lako, mapazia yamefungwa. Nilitoka mbio kumchukua. Turubai lilikuwa limetuna, kamba zinalia, mfuniko wa tangi uliruka ukapita juu ya kichwa changu. Nilimwambia, "Mama, twende ndani." Akasema, "Kibanda hiki hakiendi popote, keti." Tukakaa wawili. Tawi likaanguka juu ya bati likalibonyeza, vishimo viwili vya pazia vikang'oka, lakini ndani tulikuwa wakavu, na yeye ameegemea nguzo yako kwa mgongo wote, anahesabu vifundo vya sweta. Baba, leo niliposoma barua yako ya kwanza nilitoka mbio tena.

Alikuwa pale pale wakati naisoma. Nilimvuta mkono bila kusema neno, na yeye akaziona barua mkononi, akauona uso wangu, akadhani umekufa. Akakaa chini kwenye majani, katikati ya njia. Ilibidi nipige magoti nimsomee barua yako yote, maneno yako kama yalivyo, ndipo akaamini. Nilipofika pale kwenye bega na nguzo akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akalia, akajifuta kwa lile sweta.

Kisha akasema, "Sogeza kile chungu cha maua, uchimbe."

Nikachimba kwa mwiko wa bustani. Baba, sijui nikuambieje. Chini ya udongo hakuna mbao. Kuna zege, gumu, pana, na juu yake kiatu cha chuma kimeikamata nguzo pande zote kwa bolti. Nilichoma bisibisi pale juu yake kila mahali. Haiingii hata ncha. Ni nguzo nzima kuliko zote tano nilizozisugua.

Nimemuuliza Mama nani aliyefanya kazi hii. Ameniambia nimpe karatasi, ataandika mwenyewe. Na unajua Mama hana mazoea ya kuandika barua.

Wako,
Sindano


Nyumbani,
Ijumaa hiyo hiyo, jioni

Baba watoto,

Umenitia hofu leo ya kunitosha mpaka uzee wangu uishe. Nilidhani umeniacha. Hilo tutaligombania ukipona.

Zege ni langu. Ule mwaka ulipokwenda harusi ya mpwa wako ukakaa juma zima, nilikuwa nafagia kibandani, mpini wa ufagio ukaizamia nguzo pale chini. Nikaita fundi. Akaja na wasaidizi wake wawili, wakainua paa kwa jeki, wakakata sehemu iliyooza, wakamwaga zege. Niliwaambia wafanye kazi bila makelele, na wakimaliza wafunike kwa udongo na waipake nguzo tope, ionekane ya zamani. Chungu cha maua nilikiweka mimi. Majirani walitazama sana, nikawaomba wanyamaze, na nakushangaa wewe mtu wa watu, hakuna hata mmoja aliyekuambia.

Sikusema kwa sababu ulikuwa umewatangazia watu kwamba umekijenga kwa mikono yako. Nilikuwepo. Nilikuona ulivyosimama juu ya lile benchi, na sijawahi kukuona na furaha kama siku ile. Ningekuambiaje kwamba fundi mwingine amekuja na jeki?

Lakini wewe nawe. Miaka yote hii unasukuma zege kwa bega. Na mimi kila usiku nakukanda bega hilo hilo kwa dawa, nasema maskini, uzee huu, baridi hii. Chupa ngapi za dawa nimezimaliza, na dawa yake ilikuwa kuongea tu.

Sasa jambo moja limeniuma kidogo, na kwa kuwa leo tunasema kweli nami nalisema. Mimi nilikuwa na sababu yangu kichwani kuhusu kona ile. Ukikaa pale unaliona dirisha la jikoni. Nilidhani umechagua pale unitazame ninapopika. Ndiyo maana pazia la jikoni silifungi hata jua likinichoma machoni, na sababu yake siwezi kumwambia mtu. Ulipoondoka nikaenda kukaa pale, nione ulichokuwa unakiona. Nikaona dirisha tupu, nikakaa hivyo hivyo, nikawa narudi kila siku.

Kumbe ulikuwa unatazama nguzo.

Haya, pona. Sweta limebaki mkono mmoja.

Mama watoto


Hospitali,
Jumanne, 25 Machi

Mama watoto,

Nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka jirani wa ng'ombe akauliza kama ni hukumu ya mahakama. Nikamwandikia kwenye kibao: nimeachiwa huru. Amenyamaza, mara ya kwanza tangu nilazwe.

Toka Jumamosi ile mpaka barua zenu zilipofika sikulala vizuri, sikula vizuri. Kila nikifumba macho naona paa linakuja chini na wewe uko chini yake na sindano za kufumia. Muuguzi aliponiletea bahasha mbili, moja ya Sindano na moja ya mwandiko wako, nilianza na wako. Nilisoma "umenitia hofu", nikajua uko hai na una hasira, nikafunika uso kwa shuka. Nililia bila sauti. Daktari atafurahi, sikuvunja sharti.

Nikicheka bega linauma. Zege, mwanamke! Nimekuwa naegemea zege kwa uangalifu, nusu mgongo, nusu pumzi, wageni wakija nasogea kuwazuia wasikae pale. Shangazi yake Sindano hata leo anadhani nina majivuno. Naomba usimwambie.

Sasa hilo la dirisha. Ningeweza kukudanganya, naujua uuzaji. Lakini kweli ni kwamba siku ya kwanza nilikwenda pale kwa ajili ya nguzo, si kwa ajili yako. Siku ya kwanza, na labda juma la kwanza. Ila mtu hawezi kutazama tangi miaka yote. Najua wewe huonja mchuzi kisha husimama kidogo, kama unayesubiri ukujibu. Najua huimba ukisugua masufuria na hunyamaza ukisikia mlango. Najua siku ambazo pazia lilikuwa wazi na jua linakupiga machoni, nikawa najiuliza kwa nini huyu mama halifungi, na nikawa naomba usilifunge. Nilikuwa natoka kazini nikiwa sina sauti, nimechoka kupayuka mbele ya watu, nakuja kukaa pale kimya. Hiyo saa ndiyo niliyokuwa naingojea kutwa. Sikuwahi kukuambia, nilidhani utaniuliza mbona siendi kukaa upande wa maua.

Daktari amenitazama kooni leo kwa kile kitaa chake. Amesema pamepona vizuri. Jumamosi naruhusiwa kutoka, na neno la kwanza niliseme siku hiyo hiyo, polepole. Wauguzi wanataka nilisemee hapa walisikie. Nimekataa, nalihifadhi.

Mwambie Sindano akarabati pale tawi lilipobonyeza bati, arudishie vishimo vya mapazia, na ile nguzo sasa aikwangue aipake mafuta kama wenzake. Kisha aurefushe ule mto wa kona. Ninanadi kiti cha watu wawili, kikavu, kimeegemea nguzo yenye zege, kinatazama dirisha la jikoni, na mwenye dirisha atoke akae nami nje, mchuzi atauonja mtu mwingine. Mara ya kwanza. Mara ya pili.

Ya tatu nitakuja kuisema kwa mdomo.

Baba watoto